Jaketi la Dukan

Keji mwanangu,

Habari za sweta, za kubadilisha pesa mpakani na za kutokula chochote unachopewa na jirani yako kwenye basi nimeshakuambia mpaka ukaziba masikio. Sirudii. Barua hii ni ya jambo moja tu, na kama ungekuwa umekaa hapa mbele yangu nisingeliweza. Unanijua mama yako. Nikitaka kusema jambo zito naishia kukugombeza kuhusu sufuria.

Sasa ni saa nane mchana. Wewe umekwenda New Site kusukwa na kuaga wenzako, na mvua imeshuka, kwa hiyo hapa sokoni Malakia hakuna mteja wala dalili ya mteja. Karatasi nimeiweka juu ya meza ya cherehani, pale inapopita nguo. Haboba yuko kwenye benchi lake, hatua tatu kutoka kwangu, anapuliza chai. Ameniuliza ninaandika nini. Nimemwambia naandika vipimo vya mteja.

Unaona? Hata leo.

Nakuandikia juu yake yeye, na juu ya lile jaketi la kijani alilokupa juzi ulibebe Nairobi.

Umemzoea haboba tangu uko darasa la kwanza. Ulimwita haboba, bibi, kwa sababu alikuwa mzee na alikuwa hapa kila siku ukitoka shule, na mimi nikakuacha uamini ni ndugu wa marehemu baba yako. Si ndugu yetu, Keji. Si wa ukoo wangu wala wa baba yako. Alikuja hapa kama mteja, na mimi nilimkosea, na tangu siku ile hajaondoka.

Ngoja nianze na kazi, kwa kuwa kosa langu lilitoka kwenye kazi.

Nilijifunza kushona Nairobi, tulipokuwa wakimbizi, kwa fundi mmoja aliyekuwa anarekebisha mitumba. Huko ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza belo zima la nguo za jeshi likifunguliwa. Majeshi ya Ulaya yakibadilisha sare, zile za zamani hufungwa na kuuzwa kwa kilo, na mwisho zinatufikia sisi. Ni nguo ngumu, zipu zake hazifi, na vijana wanazipenda sana. Kazi yetu mafundi ilikuwa kuzifanya ziwe za raia. Unatoa bendera begani, unabadilisha vifungo, unapunguza kiuno kama mteja ni msichana. Halafu unachukua wembe na kufumua jina la mwenyewe kifuani.

Kitambaa kilichokuwa chini ya jina hakijawahi kupigwa na jua. Ukishalifumua, pale kifuani panabaki kipande chenye rangi nzito kuliko jaketi lote, na matundu madogo ya sindano kuzunguka. Ufue, upige pasi, pako palepale. Mtu anavaa jaketi lake zuri anakwenda harusini, na hajui kwamba kifuani amebeba nafasi ya mtu.

Majina niliyofumua nilishindwa kuyatupa. Ndiyo yale yaliyokuwa kwenye kopo la maziwa. Ulipokuwa mdogo uliyapanga mchangani ukayasoma kwa sauti, kama mwalimu anayeita wanafunzi, ukayasoma vibaya maana yalikuwa ya Kizungu kigumu, na baada ya kila jina ulinyamaza kidogo kungoja mtu aitike. Siku moja nilikupiga kofi kwa mchezo huo. Ulilia mpaka ukalala, na sikukueleza. Nisamehe kofi lile. Nilikupiga kwa woga.

Sasa haboba. Alikuja kiangazi, asubuhi, akasimama pale mlangoni kwa muda mrefu akitazama nguo zilizotundikwa. Kiswahili chake ni kile unachokijua, alichokiokota kambini Uganda.

"Mama Keji," akasema, "mimi nataka jaketi ya jeshi. Ya kijani. Lakini si ya kuvaa."

"Ya nini basi, mama?"

"Ya kuzika."

Mtoto wake wa pekee wa kiume alikuwa ameingia jeshini na kupelekwa mbali. Kwanza zilikuja habari zake, kisha hazikuja, kisha akarudi mwenzake mmoja akasema yule amekufa, na mahali alipofia hapafikiki. Kwa ukoo wao mwili usiporudi huzikwa nguo ya marehemu, ili msiba upate mwisho na yeye apate pa kulala. Lakini nguo zake zote zilipotea walipokimbia. Haikubaki hata soksi. Kwa hiyo mama yule alitaka jaketi lifananalo na lile ambalo mtoto alikuwa amelivaa siku ya mwisho alipomwona, na alitaka nilishonee jina kifuani. Jina la nyumbani, si la jeshini. Uchungu ulimshika dukani akinunua chumvi, akamzaa palepale mlangoni, ndipo wakamwita Dukan. Alinihakikishia kwamba katika Juba yote hakuna mwingine mwenye jina hilo.

Nilichagua jaketi zuri kuliko yote niliyokuwa nayo. Nilishona jina kwa mkono, uzi wa njano, herufi nene, na kila herufi nikaizungushia pindo jembamba. Ilikuwa kazi yangu bora, hilo nakuambia bila haya. Na kwa sababu ilikuwa kazi yangu bora, niliitundika pale mbele ambapo watu wanapita. Ningelikunja na kuliweka kwenye sanduku, leo nisingekuwa na barua ya kuandika.

Mchana huohuo alipita kijana. Mmoja wa wale waliokulia Kenya, suruali imebana, miwani nyeusi imepandishwa kichwani.

"Mathe, hiyo ya kijani unauza ngapi?"

"Hiyo si ya kuuza. Ina mwenyewe."

"Ah, mathe, kila kitu hapa ni ya kuuza. Cheki hiyo jina! Dukan! Hiyo jina ndio inafanya ikae poa. Nani alishona?"

"Mimi."

"Wacha! Kwa mkono? Nairobi nzima sijaona kazi kama hii. Mathe, wewe ni fundi."

Ningependa kukuambia kwamba tulikuwa na njaa. Ningependa kusema ulikuwa mgonjwa, kwamba dawa ilihitajika. Mambo hayo watu huyasema, na wewe ungenielewa mara moja. Lakini ulikuwa mzima, unaruka kamba hapo nje, na tulikuwa tumekula. Nilisifiwa tu, Keji. Tangu baba yako afe hakuna mtu aliyekuwa amesifu mkono wangu. Nikawaza, kuna jaketi jingine kama hili kwenye belo, pacha wake, nitalishona kabla mama hajaja, nani atajua. Kijana akalivaa palepale. Lilimkaa. Akaondoka anacheka.

Nikashona la pili. Kesho yake mama akaja, akapitisha kidole juu ya kila herufi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Maziko yalipangwa Alhamisi.

Jumatano akarudi mbio, mguu mmoja hauna kiatu.

"Mama Keji! Dukan iko! Mimi naona yeye!"

Nilimkalisha hapo kwenye benchi. Alikuwa anahema.

"Iko nyuma ya boda, na miwani nyeusi, na kitambaa kwa mdomo sababu ya vumbi. Jina iko hapa," akajipiga kifuani. "Mimi naita, Dukan! Dukan! Boda naenda tu."

Halafu akashusha mkono kifuani. Haboba si mjinga, usimdhanie hivyo kwa sababu ya uzee wake. Alinitazama usoni, akaniuliza pole pole kabisa:

"Mama Keji. Jina ya Dukan wewe nashona ngapi?"

Nimeishi na swali lile miaka mingi kuliko niliyoishi na baba yako. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kujibu. Nilijua jibu. Niliona pia aibu itakavyokuwa, soko zima likijua kwamba Mama Keji anauza nguo za maiti kwa wapita njia. Na niliona uso wake ulivyokuwa umefunguka, nikajidanganya kwamba sitaki kuufunga mimi.

"Moja, mama," nikasema. "Moja tu."

Akapiga kigelegele. Kigelegele kile nakisikia nikiwa natia uzi kwenye sindano.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, Keji. Wajomba walikuwa wamefika na mbuzi. Alikwenda akalifukia mwenyewe kwa jembe, tupu, na waliojaribu kumzuia aliwatukana. Kisha akaniletea jaketi la pili. "Weka hapa," akasema. "Kama yeye nashona jina kwa fundi ingine, siku moja yeye nakuja kwa wewe pia." Alikuwa amejijengea hesabu yake kwamba mtoto wake ndiye aliyepita kwa fundi mwingine, na akipita tena atapita hapa. Nikalitundika kwenye msumari ule wa nyuma. Akakaa kwenye benchi, akatazama barabara, na ndivyo alivyokaa mpaka leo.

Nikampa chai. Nikampa benchi, kwani lile lilikuwa la wateja. Mvua ikinyesha namvuta ndani, akiugua nampelekea uji kwake Hai Malakal. Watu wa soko wanasema nina moyo. Mchungaji aliwahi kunitaja kanisani, unakumbuka ulivyogeuka ukanitazama kwa fahari? Nilikula sifa zile pia. Chai yote ile, mwanangu, nilikuwa namlipia asiulize tena.

Na kuna yule kijana. Mimi nilikuwa naelewa mji huu. Raia akivaa rangi ya jeshi hapa anajitafutia kipigo, au zaidi ya kipigo, ndiyo maana kila jaketi la vijana nililitia kwanza rangi nyeusi kwenye pipa. Lile lilikuwa la kaburini, sikulitia. Nikamwachia aondoke nalo hivyohivyo, kijani, na jina kifuani kama askari kamili. Sijamwona tena tangu siku ile. Mwezi uleule nilisikia watu wakisema kijana mmoja amekamatwa kwa ajili ya nguo, wengine wakasema ni wawili, na mimi niliinuka nikaenda kuchota maji. Niliogopa mtu asije akataja jina lililokuwa kifuani.

Kwa hiyo unaponigombeza, "Mama, unaharibu, Nairobi watu wanazitaka na rangi yake yenyewe," uko sawa, hiyo ndiyo fasheni, na wewe utauza kuliko mimi. Lakini sasa unajua kwa nini pipa langu halikauki. Unajua pia kwa nini nakataa kushona majina kwenye sare za shule wakati mafundi wenzangu wanajengea nyumba kazi hiyo.

Juzi haboba akalitoa lile jaketi kwenye msumari, akalikung'uta vumbi, akakuvalisha mwenyewe.

"Bineya," akakuambia, "vaa hii kule Nairobi. Tembea nayo kwa watu mingi. Dukan naona jina yake, yeye nakuja kwa wewe."

Ukamkumbatia. Ukaenda kwenye kioo, ukageuka huku na huku, ukapandisha kola, ukaniuliza, "Mama, limenikaa?" Limekukaa kama lilivyomkaa yule kijana. Na mimi nikasema ndiyo, limekukaa, kisha nikatoka nje.

Sasa nikuambie nilichokusudia tangu nilipochukua kalamu. Ukifika Nairobi usilivae. Lichome moto, au litupe mahali, na mimi nitamwambia haboba kwamba liliibwa kwenye basi.

Nimeisoma mara tatu sentensi hiyo. Nilitaka kuifuta, nimeiacha uione. Wewe una miaka ishirini, kesho unaondoka nyumbani, na mama yako amekuwekea kwenye mfuko "moja tu" yake uibebe mpaka Nairobi. Ningekufundisha kushona pindo vibaya isingekuwa dhambi kubwa hivi.

Kila mtu husema kwamba uongo hukua. Wangu haukukua. Ulibaki vilevile ulivyokuwa, maneno mawili, na mimi ndiye niliyekuwa nikiuhudumia kila siku, kuupa chai, kuupa mahali pa kukaa. Siku yoyote ningeweza kusema. Nilidhani kila mwaka unaopita unazidi kunifungia mlango, kumbe haboba alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwangu, mlango wazi.

Mvua imepungua. Anamalizia chai. Naweka kalamu chini kwanza.

*

Nimerudi.

Nilivuta kiti nikakaa mbele ya haboba, nikamzibia barabara. Hapendi kuzibiwa barabara, akanisogeza kwa mkono. Sikusogea. Nikamwambia, "Mama, siku ile uliniuliza majina ya Dukan nimeshona mangapi. Nilishona mawili." Nikamwambia yote, kijana, miwani, sifa, pacha wa kwenye belo. Sikulia, maana nilijua nikilia atanibembeleza, na hilo nisingelivumilia.

Alitazama maji yanayodondoka kwenye mabati mpaka yakaacha. Nilidhani hakunielewa. Nikaanza upya, akanikatiza.

"Kijana ile, jina yake nani?"

"Sijui, mama."

"Wewe nauzia yeye jina ya mtoto wangu, na yeye jina yake hujui?"

"Sikumuuliza."

Akatikisa kichwa. "Yeye pia iko na mama," akasema.

Kisha akashika kikombe kilichokuwa tupu, akakitazama ndani, na maneno aliyosema yamenivunja kuliko matusi yote niliyokuwa nimejiandaa kuyapokea.

"Siku ile kwa boda, yeye nacheka. Mimi sikuambia wewe. Mimi naita kwa nguvu, watu yote nageuka, yeye nacheka na mwenye boda, hageuki. Mimi nasema kwa roho yangu, Dukan nasikia mama yake, na nakataa. Miaka hii yote, Mama Keji. Mimi nangoja yeye hapa, lakini mimi nakasirika na yeye. Mimi nataka tu yeye nakuja, mimi nauliza: mimi nafanya nini mbaya kwa wewe?"

Akaweka kikombe chini.

"Basi si yeye," akasema. "Khalas. Dukan hakukataa mimi."

Na hapo, Keji, akalia kilio cha msiba, kile chenyewe, cha mwanamke aliyefiwa leo. Wanawake wa chai na wa mboga wakaja wakidhani tumepata habari mbaya sasa hivi. Sikuwakatalia. Niliwaambia mtoto wake amekufa. Wakauliza lini, nikasema zamani, na kwamba ni mimi niliyemficha ukweli. Wameshajua sokoni. Ukirudi nyumbani jioni hii utayasikia njiani kabla hujanikuta, na mengine watayaongeza chumvi, lakini kiini chake ni kweli.

Jaketi nimelitoa kwenye mfuko wako. Liko mapajani mwake, amelikunja vizuri, jina limetazama ndani. Maziko ni Alhamisi, na wewe utakuwa umeshafika. Nimeahidi kwenda kuchimba, ingawa yeye hakukubali wala kukataa.

Yale majaketi sita uliyoyaficha chini ya kitanda nisiyatie rangi nimeyaona muda mrefu. Yabebe, yauze na kijani chake, huko haina shida. Ombi langu ni moja. Anayenunua, muulize jina lake kabla hujamkabidhi. La mteja, hilo tu. Kwangu mimi, jina la yule kijana lingekuwa kitu cha kushika leo.

Haboba hajaniambia amenisamehe, nami sikuomba. Lakini hakwenda kwake. Wanawake wa soko walipoondoka aliinuka, nikadhani ndiyo basi, kumbe alishika benchi akaligeuza. Mgongo sasa ameupa barabara. Amekaa ananitazama mimi, mikono juu ya jaketi, jinsi ninavyoandika.

Naona anataka kuuliza tena ninaandika nini. Nitamsomea yote.

Mama yako